Kufunga seva kwenye jiji la mawe

Sanduku la seva lilishuka stendi ya Nyegezi, Mwanza, alfajiri, kutoka kwenye buti ya basi la Dar, likiwa limelala juu ya marobota ya mitumba. Ubavuni limeandikwa kilo 34. Mwenye mzigo, dada mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya uvuvi kule Kirumba, alikuwa ameshanipigia mara tatu.

"Fundi, saa sita tuwe tumewasha. Mwisho wa mwezi huu, wateja hawatanielewa."

"Dada, leo hatuwashi. Leo tunapima."

Akanyamaza kwenye simu, kimya kile cha mtu anayehesabu hela aliyokwisha kukulipa.

Seva ya reki ni kompyuta iliyobanwa ikawa bapa, ili zikae kadhaa kwenye kabati moja, reki yenyewe, kama droo. Ndani mna vitu vilevile unavyovijua: prosesa, ramu, diski, feni. Ila hii imetengenezwa iwake mwaka mzima bila kupumzika, na aliyeitengeneza alichukulia kwamba chumba unacho tayari. Chumba chenye kabati la kina cha kutosha, umeme usioyumba, waya wa ardhi unaofika ardhini kweli, na hewa inayoingia mbele na kutokea nyuma. Kijitabu kinachokuja na mashine kinaanzia kwenye skrubu. Kwa ofisi nyingi za huku kwetu, skrubu ndiyo sehemu rahisi. Kuipandisha seva kwenye reki ni kazi ya saa moja na nusu. Siku zinaliwa na vitu vinavyoizunguka.

Hata kusubiri kwenyewe ni kazi. Mzigo uliolala kwenye buti usiku kucha unafika ukiwa wa baridi, kisha unaingizwa kwenye hewa ya kando ya ziwa yenye unyevu. Chuma cha kilo thelathini na ushee hakipati joto haraka, na juu yake mvuke unageuka matone, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ukiiwasha hapo, umeme unakutana na maji mahali ambapo jicho lako halifiki. Kwa hiyo tulilifungua sanduku, tukaiacha mashine chumbani ikae mpaka siku ya pili. Na muda huo ndio tuliogundua kwamba kabati halifai.

Kina ndicho kinachoumbua

Alikuwa na kabati tayari, lile dogo la kutundika ukutani lenye mlango wa kioo, lililonunuliwa pamoja na kamera za ulinzi. Upana wake sawa kabisa. Upana wa reki za kawaida ni inchi 19 popote duniani, yaani milimita 482.6 kutoka ukingo hadi ukingo wa uso wa kifaa, kwa hiyo hapo ni nadra mtu kukosea. Kimo nacho kina kipimo chake: U moja ni inchi 1.75, sawa na milimita 44.45. Seva ya dada ilikuwa ya U 2, na kabati lilikuwa na U 9. Kwenye karatasi kila kitu kinaingia.

Kina sasa. Kabati lilikuwa na sentimita 60. Seva peke yake sentimita 75, bado hujaweka nyaya zinazotokea nyuma. Ingetokeza kama miguu ya mtu mrefu kwenye kitanda cha bweni. Isitoshe, swichi ndogo ya mtandao inaweza kuning'inia kwa masikio yake ya mbele tu kwa sababu ni nyepesi. Seva hailali hivyo. Inakaa juu ya reli mbili, na kila reli inashika nguzo ya mbele na nguzo ya nyuma. Kabati la ukutani lisilo na nguzo za nyuma imara, lililoshikwa na boliti nne kwenye tofali, halikutengenezwa kwa mzigo huo.

Kwa hiyo kabla hujalipa, chukua futi kamba upime mara mbili. Kwanza kina cha kabati zima, mlango wa mbele hadi wa nyuma. La mita moja linakuachia nafasi ya kupumua. Pili, umbali kati ya nguzo za mbele na za nyuma, kwa kuwa hiyo ndiyo namba ambayo reli zinaiangalia, nayo lazima iangukie kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye boksi la reli. Nguzo za makabati mengi unaweza kuzisogeza, lakini zisogeze kabla hujaweka kitu chochote ndani. Angalia pia matundu ya nguzo, kama ni ya mraba au ya duara, maana reli nyingi za kisasa zinajinasa zenyewe kwenye matundu ya mraba na kwenye ya duara baadhi zinakataa. Na mlango uwe wa wavu. Mlango wa kioo unapendeza mbele ya wageni na unaikaba seva koo.

Sasa sogea karibu na nguzo uiangalie vizuri, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapopoteza asubuhi nzima. Matundu yanaonekana yamepangwa kwa nafasi sawa. Sivyo. Kila U ina matundu matatu: kutoka la kwanza hadi la pili ni milimita 15.9, la pili hadi la tatu 15.9, halafu kuruka kwenda U inayofuata ni 12.7 tu. Mpaka wa U unapita katikati ya ile nafasi nyembamba. Ukianzia tundu la katikati ukidhani ni la chini, kila kitu kitakachofuata kitagombana na jirani yake kwa milimita chache, na hutajua kwa nini. Kijana niliyekuwa naye alihesabu upande wa kushoto kutoka chini, akahesabu wa kulia kutoka juu. Reli zikatofautiana kwa tundu moja. Seva ikaingia nusu, ikagoma, haiendi mbele hairudi nyuma, na sisi wawili tumeishikilia mikononi. Tangu siku hiyo natembea na kalamu ya alama. Nachora mstari kwenye nguzo zote nne kabla ya kugusa reli.

Zile nati za mraba zenye masikio ya chuma, keji nati, zina springi kali. Usizisukume kwa kidole gumba. Kuna kijichuma chake cha kuzivutia, na kikikosekana bisibisi bapa ndogo inatosha.

Kilo 34 za mikono mitupu

Mtu aliyewahi kubeba magunia ya dagaa pale Mwaloni sokoni atacheka ukimwambia kilo 34 ni nzito. Lakini gunia linakaa begani. Seva unaishika kwa mikono iliyonyooka mbele ya kifua, huku unalenga vishikizo vya ubavuni viingie kwenye reli mbili kwa mpigo, na ukingo wa bati unakula vidole. Ni kazi ya watu wawili, mmoja kila ubavu, na ikiwa inapanda juu ya kifua muongeze wa tatu au mtafute meza ya kunyanyulia. Vua pete na saa. Vaa viatu vya kufunika mguu. Kandambili ziache mlangoni.

Unaweza kuipunguza uzito. Diski zinachomoka kwa mbele, vifaa vya umeme vinachomoka kwa nyuma. Kabla ya kuchomoa diski, bandika kikaratasi chenye namba kwenye kila moja, kuanzia 0, na zirudi palepale zilipotoka. Kidhibiti cha diski cha kisasa kinaweza kuzitambua hata zikichanganywa, ila sioni sababu ya kukijaribu na data za mtu.

Kabati linajazwa kutoka chini kwenda juu, kizito kikiwa chini kabisa. UPS, kile kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika, inakaa sakafuni mwa kabati, seva juu yake, swichi na paneli ya nyaya huko juu. Miguu ya kabati ishushwe mpaka magurudumu yasibebe uzito, na kama kabati lina mguu wa kuzuia kuinama mbele, utokeze. Sababu ni hii: ukiivuta seva kwenye reli zake mpaka mwisho, uzito wote unahamia nje ya nyayo za kabati. Moja, kabati linavumilia. Mbili kwa pamoja, linaanza kusujudu. Nimeliona likisujudu katika ofisi moja ya hapa mjini, na lililolizuia lisimwangukie mtu ni meza ya chai. Vuta moja, malizana nayo, irudishe mpaka usikie *tik* ya kufuli pande zote mbili, ndipo uguse nyingine. Na wakati wa kuirudisha, vidole vikae mbali na vile vibati vya rangi vya kufungulia reli. Vinabana kama mlango wa gari.

Umeme, jiwe na radi

Hapa nitakaa.

Seva ya maana ina vifaa viwili vya umeme nyuma, kila kimoja na waya wake. Kazi yake ni kwamba kimoja kikifa, kingine kinabeba mashine nzima bila wewe kujua. Nimekuta mara nyingi nyaya zote mbili zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, nayo imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, inayolisha pia birika. Hapo ni sawa na kuwa na figo mbili zinazotegemea mshipa mmoja. Waya wa kwanza uende UPS, wa pili uende UPS ya pili. Kama bajeti haifiki, wa pili upite kwenye stabilaiza kutoka soketi nyingine. Na kila upande uwe na uwezo wa kubeba mzigo wote peke yake. UPS mbili zenye mzigo wa asilimia 70 kila moja ni mtego tu, maana siku moja ikizima, ya pili inapokea asilimia 140.

Hesabu ya UPS si ngumu. Tuseme seva inafika wati 500 ikiwa imebanwa, swichi, ruta na mashine ya kamera wati 300. Jumla 800. UPS ya kVA 3 inaonekana kubwa, lakini kVA si kilowati. Tafuta ile namba ya pili kwenye kibandiko. Nzuri inatoa wati 2,700, nyingine ya kVA hizohizo inatoa 1,800. Muda nao unategemea betri. Betri sita za volti 12 na ampea-saa (Ah) 9 zina wati-saa 648 kwenye karatasi; ukitoa hasara za kubadilisha umeme, na tabia ya betri za risasi kutoa kidogo zinapokamuliwa haraka, kwa mzigo wa wati 800 unabaki na kama dakika 25. Joto nalo linazila: kila nyuzi kama 10 juu ya 25, umri wa betri unakatika nusu.

Jenereta ndogo ina vituko vyake. Inapiga kelele nje, taa zinawaka, kila mtu ametulia, kumbe UPS imeukataa umeme wake kwa sababu mizunguko yake inayumba mbali na 50 kwa sekunde, na inaendelea kula betri kimyakimya mpaka zero. UPS nyingi zina mpangilio wa kupanua uvumilivu huo. Ujaribu mchana, jenereta ikiwa imewashwa, wewe ukiwa umesimama mbele ya kioo cha UPS.

Halafu kuna LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kuna ofisi nilikoitwa Jumatatu, seva imezima tangu Jumapili, kila mtu analaumu gridi. Jirani alikuwa na umeme tangu Jumamosi. Yuniti ziliisha.

Sasa waya wa ardhi, ambao mafundi wetu huuita erthi. Mwanza imekaa juu ya granaiti ya zaidi ya miaka bilioni 2. Ukisimama Kamanga ukiliangalia Jiwe la Bismarck, unaangalia kitu kilekile kilichoko chini ya sakafu yako. Fundi anakuja na fimbo ya shaba ya mita 1.5. Anapiga nyundo, nusu mita inaingia, halafu mlio unabadilika: *ting*. Mwamba. Anapiga tena, fimbo inapinda. Basi anachukua msumeno wa chuma, anakata kilichobaki, anafunga waya kwenye kichwa, anafunika na kijisanduku cha zege. Ukiangalia juu, imekamilika. Chini kuna nusu mita.

Ni kosa kubwa kiasi gani? Kwenye udongo mzuri wa mfinyanzi wenye unyevu, fimbo nzima ya mita 1.5 inatoa ukinzani wa kama omu 60. Ile iliyokatwa, kwenye mchanga mkavu ulio juu ya jiwe, inaweza kupita omu 1,000. Sasa mahali ambapo jengo linategemea fimbo yake yenyewe, tuseme waya wa moto umegusa bati la seva. Hata kwa fimbo nzuri ya omu 60, volti 230 zinapitisha ampea 3.8 tu. Swichi ya ampea 16 kwenye bodi ya umeme haioni kitu, haikati. Bati linabaki na umeme, na wa kwanza kulishika ndiye anayelimaliza tatizo kwa mwili wake. Ndiyo maana fimbo peke yake haimlindi mtu. Anayemlinda ni kile kikata umeme cha uvujaji, RCD, kinachokata mkondo ukivuja miliampea 30. Ukizidisha miliampea 30 kwa omu 1,000 unapata volti 30, zisizotosha kumdhuru mtu. Lakini usiifunge ofisi nzima kwenye RCD moja. Vifaa vya kompyuta huvujisha kidogo kwa asili yake, kiwango kinaruhusu hadi miliampea 3.5 kwa kifaa cha plagi ya kawaida, na vikikusanyika vitano au sita RCD inaanza kukata bila hitilafu yoyote. Kabati lipate laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi.

Kwenye jiwe, badala ya kwenda chini, nenda ubavuni. Chimba mtaro wa sentimita 60 pale penye udongo kati ya mawe, laza waya mtupu wa shaba mita kumi au ishirini kuelekea upande wenye unyevu, ongeza fimbo pale zinapoingia, ziunganishe zote, fukia kwa udongo wa bentonaiti unaoshika maji. Ile desturi ya chumvi na mkaa inafanya kazi msimu mmoja. Mvua inaiosha chumvi, na kabla haijaoshwa inakula chuma. Kipimo kichukuliwe kiangazi. Kipimo cha siku ya mvua kinampendeza fundi tu.

Kuna wazo moja lazima nilipinge kwa nguvu, kwa kuwa nalisikia hata kwa watu waliosoma: kwamba seva ichimbiwe erthi yake "safi," mbali na erthi ya jengo. Linavutia, na ni hatari. Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Usiku nchi kavu inapoa, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, hewa inakutana katikati ya maji na kupanda, mawingu yanajengeka. Radi zetu nyingi zinapigwa wakati ofisi haina mtu. Mkondo wa kawaida wa radi ni kama ampea 30,000. Ukipita kwenye erthi nzuri ya omu 10, kwa kitambo kifupi sana sehemu hiyo inapanda hadi volti 300,000. Hakuna anayeuzuia mpando huo. Unachoweza ni kuhakikisha kila kitu kinapanda pamoja, kama mitumbwi iliyofungwa kamba moja na kunyanyuliwa na wimbi moja. Ukiwa na erthi mbili zisizounganishwa, mtumbwi mmoja uko juu ya wimbi na mwingine uko chini, na kamba iliyo kati yao ni seva yako.

Kwa hiyo fremu ya kabati, milango yake, UPS, mlingoti wa antena juu ya paa, vyote viende kwenye kipande kimoja cha shaba, na hicho kiende kwenye erthi moja ya jengo. Pale waya unaposhika kabati, kwaruza rangi mpaka chuma king'ae. Rangi haipitishi umeme. Waya wa mtandao unaotoka kwenye antena upite kwenye kizuia radi pale unapoingilia ukutani. Na kama kuna jengo la pili, ghala kwa mfano, lenye erthi yake, usilete waya wa shaba wa mtandao kati yao. Weka faiba, waya wa kioo. Kioo hakijui radi.

Mimi si fundi umeme. Kazi hii niliiachia mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Yangu ilikuwa kusimama pale nikiuliza fimbo imeingia kiasi gani.

Hewa, na wale wadudu

Watu wa Dar na Tanga wana chumvi ya bahari inayokula vifaa vyao. Ziwa letu ni maji baridi, hilo tumesamehewa. Hali ya hewa pia ni ya huruma: seva inapenda hewa inayoingia iwe nyuzi 18 hadi 27, nyingi zinavumilia hadi 35. Tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupoza pungufu kidogo, ndiyo maana vijitabu vingi huanza kupunguza kiwango hicho cha juu kuanzia mita 900, nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwetu haifiki hata nyuzi moja.

Wati zote zinazoingia kwenye kabati hutoka kama joto. Wati 800 ni kama BTU 2,730 kwa saa, kwa hiyo kiyoyozi cha BTU 12,000 kinatosha na kubaki, hata ukihesabu jua la dirishani. Kikubwa zaidi ni mambo mawili. Kisikae juu ya kabati, kwa sababu siku bomba lake likiziba maji yatashuka moja kwa moja kwenye seva. Na kiwe cha kujiwasha chenyewe umeme unaporudi. Vingine hungoja mtu abonyeze rimoti, na saa nane usiku mtu huyo hayupo. Nafasi tupu kwenye reki zizibwe kwa vibati, la sivyo hewa ya moto ya nyuma inazunguka na kurudi mbele.

Wadudu wa ziwani kila mkazi wa pwani hii anawajua: wanapanda kutoka majini kama moshi, wanafuata taa, asubuhi unawafagia kwa koleo. Taa ya chumba cha seva ikiachwa wazi usiku na dirisha lina upenyo, wanaingia, na feni inawavuta mpaka kwenye mapezi ya kupozea prosesa. Nimefungua mashine moja nikakuta kitu kama pamba ya kijivu. Taa izimwe, dirisha lizibwe, matundu ya nyaya ukutani yajazwe sponji. Hapo umemfungia nje na mjusi pia, ambaye hupenda joto la UPS na akigusa nguzo mbili za umeme kwa wakati mmoja anaizimisha swichi ya bodi.

Kuwasha

Hii ndiyo sehemu watu wanayoiogopa, nayo ni fupi. Jigusishe kwenye chuma kilichofungwa ardhini, au vaa kamba ya mkononi, kabla ya kugusa ramu. Chomeka kebo ya mtandao kwenye tundu la usimamizi, lile dogo lililojitenga. Ndani ya seva kuna kijikompyuta kinachobaki macho hata mashine ikiwa imezimwa, kinachokuwezesha kuiwasha ukiwa nyumbani Buhongwa. Kwa sababu hiyohiyo, nenosiri lake la kiwandani libadilishwe kabla ya kitu kingine chochote, na kisikae kwenye mtandao mmoja na simu za wageni, wala kisionekane kutoka intaneti. Kama seva ni ya mtumba, wengi wanaleta hizo, irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani na ubadilishe ile betri ya duara kama sarafu, au saa itarudi nyuma kila umeme ukikatika.

Sasisha programu za ndani ukiwa kwenye UPS. Jaribu ramu usiku mzima. Diski ziunganishe kwa RAID, mpango wa kuzifanya zishike data kwa pamoja ili moja ikifa zisipotee: RAID 1 ukiwa na mbili, RAID 10 au 6 ukiwa na nne na zaidi. Na kumbuka RAID inakuokoa na kifo cha diski, haikuokoi na mwizi, moto au karani aliyefuta faili. Nakala iende nje ya jengo, na uirudishe mara moja kwa majaribio. Iunganishe seva na UPS kwa waya wa data ili izime yenyewe kwa adabu betri zikikaribia kuisha, na uiambie ijiwashe umeme ukirudi, lakini baada ya dakika kadhaa, betri zipate kitu kwanza.

Jumamosi jioni, duka likiwa limefungwa, tulifanya jaribio. Nilimwambia dada achomoe mwenyewe waya mmoja. Alisita, kisha akachomoa. Feni zikanguruma, taa moja ikageuka ya njano, na kwenye kioo cha kaunta orodha ya nyavu na boya ilibaki palepale. Tukaurudisha. Kisha nikashusha swichi kubwa ya bodi. UPS ikaanza kulia. Dakika ya kumi na mbili seva ikatoa tangazo, ikafunga mafaili yake, ikanyamaza. Tukapandisha swichi, tukasubiri kimya. Baada ya dakika tano ikaamka peke yake.

"Na yuniti zikiisha Jumapili?" akauliza.

"Itafanya hivihivi. Ila kuamka, itakungoja wewe."

Akatoa simu, akanunua umeme wa shilingi elfu hamsini hapohapo.